Mwaka Shimo Nyeusi Ilifika Kabambare

Juzi walinipigia simu kutoka Wamaza, ku njia ya Kasongo-Kabambare, kuniambia restora ya Mama Feza imeanguka. Mvua ilipiga siku mbili, ukuta wa nyuma ukachoka, ukalala, na bati zikaufuata. Mutu hakuumia, ni kuku moja tu, na ile kuku waliikula. Mama Feza mwenyewe alikuwa anacheka mu simu: "Amisi, kuja uone, sasa restora yangu iko na dirisha kubwa kushinda ya guvernere!" Na mimi nikacheka. Kisha tukakata simu, nikabaki nimekaa juu ya pikipiki yangu pembeni ya soko ya Kasongo, mukliya mumoja anataka nimubebe, ananiuliza mara ya pili kama ninaenda ao siendi. Nilikuwa nasikia kama mutu amenitoa jino. Ni mu ile chumba nilianza kuwa mutu. Mambo ya baba na mama yangu sitaandika hapa. Wako, wanakula, wanagombana, wanajuana. Nataka kuandika mwaka moja tu, ule mwaka nilikuwa na miaka makumi mbili na moja, na mali yangu yote ilikuwa sertifika ya shule ya primeri, pikipiki ya mutu mwingine, na mudomo yangu mwenyewe.

Ile restora ilikuwa chumba moja yenye moshi, na Mama Feza alikuwa ameikata mara mbili na pazia ya gunia. Mbele walikaa watu wa kila siku: motari wa pikipiki kama mimi, wachuuzi, wachimbaji wa madini wenye wanatoka Lusangi na magoti ya udongo. Nyuma ya gunia ilikuwa fasi ya "watu wakubwa", ni kusema watu wenye hawataki waonekane wakilamba vidole. Chakula ilikuwa ileile pande zote mbili, bugali na sombe ya majani ya muhogo, na siku Mungu amefurahi, samaki. Tofauti ni kwamba nyuma ilikuwa na meza. Njo maana Prof Assani alikaaka nyuma. Hakuwa mutu mukubwa hata kidogo, alikuwa na viatu vyenye vilikuwa vinacheka mbele, lakini alitafutaka meza ya kuandikia. Alikuwa anafundisha fizike na hesabu mu sekondari moja ya Kabambare, na bibi yake na watoto walibaki Kasongo. Kila juma mbili nilimupeleka, kila juma mbili nilimurudisha, na kila mara tulisimama kwa Mama Feza kupumuzisha pikipiki na matako.

Wakliya wengine ku njia wanalala, wengine wanaomba Mungu, sababu ile njia inafundisha sala. Prof Assani yeye alifundishaka. Alinikamata kiuno, akaleta mudomo karibu na sikio yangu, akapiga kelele kushinda injini.

"Amisi! Unajua nyota ya netroni?"

"Prof, mimi najua nyota ya asubui, basi!"

"Ni nyota yenye imekufa!"

"Pole! Waliizika wapi?"

"Haikuzikwa! Ilijikunja! Ilikuwa kubwa kushinda jua, ikajikunja mpaka ikabaki kama ukubwa ya muji moja tu! Na uzito yote ikabaki ndani!"

"Kumbe kama sanduku ya bibi-arusi!"

"Nini?"

"Hapana, Prof, ni upepo!"

Nilimuchokoza sana ule muzee, na bado hakuwa muzee, alikuwa na miaka makumi tatu na kitu. Lakini leo ninaona kama nilimuchokoza sababu nilikuwa naogopa kuuliza. Ku primeri nilijua kitu moja: mutu mwenye anachekesha darasa, mwalimu hamuulizi swali. Nilikuwa nimefanya ile kazi miaka sita na niliifanya muzuri. Sasa mutu ananipa mambo ya mbingu mu sikio, bila fimbo, bila kuniuliza nimefika wapi, na mimi sikujua nifanye nini naye. Basi nilitupa mizaha, na mambo yenyewe yakabaki ndani, pole pole, kama muchanga unavyobaki mu kiatu.

Siku moja, mbele ya gunia, wachimbaji wawili wa Lusangi walikuwa wanakula. Wale watu uwape jiwe mu mukono, wanapima uzito tu hivi, juu-chini, juu-chini, na wanakuambia kama iko na madini hata mbele haijaoshwa. Prof akawaambia kwamba kijiko moja ya ile nyota inashinda mulima mu uzito. Wote wawili wakaacha kutafuna. Mumoja akafungua mukono yake, akauangalia, kama anaona kijiko pale.

"Prof," akasema, "ile fasi, pikipiki inafika?"

"Na chefu wa kule, mwenye udongo, ni nani?" mwenzake akauliza. "Sababu usipoona chefu mbele, hata ukichimba namna gani, ni bure."

Mama Feza akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Prof hakucheka. Akawajibu na heshima yote kwamba kufika haiwezekane, na kwamba pembeni ya nyota kama ile kunaweza kuwa kitu kibaya zaidi: shimo nyeusi. Si shimo ya kuchimba, akasema. Ni uzito tupu, nguvu ya kuvuta, mpaka mwangaza wenyewe ukiingia hautoke. "Kama ofisi fulani," Mama Feza akasema, na hapo hata Prof akacheka.

Hii mambo yote ilianza na mutoto mumoja, Sakina, wa darasa ya tano ya sekondari, seksio ya siansi. Darasa nzima walikuwa saba, na yeye njo alikuwa mufupi kushinda wote na mwenye maneno kidogo. Prof alikuwa amewaambia juu ya shimo nyeusi dakika tano tu, kupumuzisha akili kisha ya hesabu, na Sakina akainua kidole: "Prof, kama ile shimo inazunguka juu yake yenyewe, nyota yenye inapita kando yake inasikia kitu, ao haisikie?" Prof mwingine angesema kaa chini, haiko mu programe. Assani alisema, "Sijui. Nitatafuta." Tukaenda Kasongo fasi yenye rezo ya simu inashika, akasoma mu simu mpaka macho ikakuwa nyekundu, akaandika mu kurasa za kaye, akarudi, akafuta, akaandika tena. Miezi miwili. Nilimuuliza kama ule mutoto alimuloga.

Kisha ikaja ile siku ya mvua. Mimi na Prof tulikuwa nyuma ya gunia, yeye na kaye, mimi na samaki yake yenye alisahau kukula. Mbele wakaingia wanaume wawili wenye kulowana. Nikatambua sauti ya mumoja: Papa Kabwe, mwenye duka ya sabuni na vitenge ku Kabambare, na tena prezida wa komite ya wazazi. Akaita bugali, akavua viatu, akaanza.

"Ile seksio ya siansi tutaifunga mwisho wa mwaka. Watoto saba! Chumba nzima ya watoto saba! Tunaweka pale seksio ya biashara, inajaa siku moja."

"Na wale saba?" mwenzake akauliza.

"Waingie biashara ao waende Kasongo. Unajua wanafundishwa nini? Nyota! Mutoto wa kaka yangu ananiambia nyota yenye imekufa. Nikamuambia, leta redio yangu, iko imekufa kweli, mwalimu wako aifufue."

Walicheka. Na mimi, ninaona haya kuandika hii, nilikuwa karibu kucheka, sababu ilikuwa muzaha muzuri. Kisha nikaangalia Prof. Alikuwa ameweka bik ya kuandikia chini na anaangalia ile gunia kama vile iko tablo ya darasa. Mu wale saba hakuna mwenye angefika Kasongo. Mwenye hana ndugu kule alale wapi? Sakina angeandika majina ya wateja mu kaye ya duka maisha yake yote. Na Prof angerudi nyumbani bila kazi. Mama Feza alijua tuko nyuma. Akaanza kukohoa, akakohoa kama mutu wa kufa, lakini Papa Kabwe akamuambia tu, "Mama, moshi ni mingi humu," akaendelea.

Mbele ya kufunga seksio, komite ikasema kila mwalimu wa darasa ya tano atafundisha somo moja mbele ya wazazi, Jumamosi asubui. Na mwalimu mwenyewe, si mwanafunzi: "Mwanafunzi anakariri kama kasuku," Papa Kabwe alisema. Nikamuambia Prof achague kitu ya kushikika, sabuni, betri, hata ile redio. Alikataa.

"Nitajibu swali ya Sakina," akasema. "Kama wanafunga, wafunge kisha ya jibu."

Alijifunza ile somo akiwa juu ya pikipiki. Ile juma njia ilikuwa supu, injini inalia kama mbuzi ya sikukuu, na yeye nyuma anarudilia yote kwa kelele kutoka Kasongo mpaka Kabambare. Nikimuambia Prof, pumuzika, anaanza tena ku mwanzo. Tukafika Ijumaa. Mbele ya mulango wa shule prefe, mukubwa wa shule, akatutokea, Prof akafungua mudomo amusalimie, na ikatoka upepo. Hhhh. Akajaribu tena. Hhhh. Nilizania anafanya muzaha, nikafurahi kwamba mwisho amejifunza kitu kwangu. Kisha nikaona macho yake.

Walimupa tangawizi, wakamupa ndimu, wakamupa asali, mama mumoja akamufunga kitambaa cha moto ku shingo. Sauti haikurudi. Prefe akasema komite haingoje, na walimu wengine hawajui ile somo. Prof akakamata choki, akaandika chini, ku simenti: AMISI ANAIJUA.

"Prof," nikasema, "mimi nilifika ya sita ya primeri, na ya sita yenyewe nilikuwa ninatazama dirisha!"

Akapiga musitari chini ya ANAIJUA.

Asubui ile chumba ilijaa. Wazazi walikaa ku mabanki ya watoto, magoti yanagusa kidevu, Papa Kabwe mbele na kofia yake ku goti; alikubali motari afundishe, sababu motari si mwanafunzi. Watoto saba walisimama ku ukuta. Mimi nilikuwa nimeazima shati ya prefe, mikono ilinipita. Prof alisimama pembeni yangu na shingo yake ya kitambaa, kama mwenye kupelekwa hospitali.

"Wazazi wetu," nikasema, "Prof amemeza sauti yake. Mimi ni motari. Leo mutapanda bila kuvaa kaske ku kichwa."

Wakacheka. Nilipoona wanacheka, woga ikaenda. Niliomba mama mumoja, jirani wa shule, alete kinu chake pale mulangoni, na nikamuambia atwange. Pu. Pu. Pu. "Hii njo nyota ya netroni," nikasema. "Imekufa lakini inazunguka, na kila ikizunguka inatupa mwangaza: pu, pu, pu. Haichelewi kama walimu." Kisha nikavuta sufuria ya uji yenye ule mama alileta pia, bado uji mwepesi, nikaweka mbegu moja ya karanga juu, ku mupaka wa sufuria. Nikakamata mwiko, nikazungusha pale katikati tu. Karanga ikaanza kutembea. Nikainua mukono wa kushoto juu: "Mutu ameigusa?" Hakuna mwenye ameigusa. "Mwiko ni shimo nyeusi yenye inazunguka. Haizunguki peke yake, inavuta na ile fasi yenyewe yenye nyota inapita. Mama zetu, kila asubui munafanya fizike na hamulipwi!"

Wamama wakapiga vigelegele. Hata Papa Kabwe alinyoosha shingo aone karanga. Kama ningesimama pale, ningekuwa nimemaliza muzuri. Lakini mutu akipigiwa vigelegele anakosa frein ya kumusimamisha.

"Basi," nikasema, "ile nyota inazunguka, inazunguka, njia yake ni ileile moja kila siku, kama mimi Kasongo-Kabambare, Kabambare-Kasongo, haibadilike hata kidogo, mpaka siku moja inachoka na inaanguka ndani, pwaa, kama mbuzi mu choo!"

Vicheko. Prof akaanza kuruka-ruka, anatikisa mikono, hhhh, hhhh. Nikazania anapenda ile mbuzi. Nikairudilia. Akanivuta shati. Nikawaambia wazazi, "Munaona, Prof anasema amen!" Chumba nzima ikaanguka na kicheko. Na mu ile kicheko nikasikia sauti ndogo ku ukuta.

"Munisamehe, wazazi. Yaya Amisi amekosea."

Kicheko ilikatika kama vile mutu amefunga mulango. Kwetu mutoto hasimame mbele ya watu wazima kusema mukubwa amekosea, hata akimuita yaya, ni kusema kaka mukubwa. Anaweza kungoja, anaweza kumwambia mama yake, na mama amwambie mutu. Sakina alikuwa ameinama kidogo, mikono mbele, kama heshima inavyotaka, lakini hakukaa kimya.

"Njia yake haibaki ileile. Yaya Amisi mwenyewe anajua. Wakati wa mvua hapiti fasi moja mara mbili. Leo anapita kushoto ya shimo, juma ingine matope imesukuma njia, anapita kuume. Anaenda Kabambare tu, lakini njia yenyewe imetembea. Shimo nyeusi yenye inazunguka inafanya vile. Inavuta njia ya nyota, inaigeuza, inaiinamisha, kila muzunguko kidogo. Njo maana ile pu, pu, pu inafika huku kwetu mara imewahi, mara imechelewa. Shimo hatuioni. Lakini mutu akihesabu muzuri ile kuchelewa, atajua inazunguka mbio namna gani." Akapumua. "Na kuanguka, ndiyo, itaanguka siku moja, pole pole. Lakini sababu haiko kuchoka."

Mama wa kinu alikuwa ameacha kutwanga. Papa Kabwe akasimama. Akavaa kofia, na nilijua mutu akivaa kofia anataka kuenda.

"Binti," akasema, "nani alikufundisha kusahihisha mukubwa mbele ya watu?"

Sakina akaangalia Prof. Prof akafungua mudomo, hakukutoka kitu. Papa Kabwe akageuka kwangu.

"Na wewe, motari? Unasema nini?"

Nilikuwa na muzaha tayari. Ulikuwa ku ulimi, ulikuwa muzuri, na ninaukumbuka mpaka leo: ningesema mutoto mufupi hivi, mbona yeye njo anaona nyota karibu kushinda sisi warefu? Chumba ingecheka, mimi ningepona, na Sakina angerudi ku ukuta akiwa mutoto mwenye kukosa adabu. Na seksio ingefungwa na adabu yote. Nikaangalia ile karanga yangu imesimama mu uji.

"Papa," nikasema, "mutoto iko na haki. Mimi nimekosea. Na ile njia ni yangu, nilipaswa kuijua kushinda yeye."

Hakuna mwenye alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza mu maisha yangu kusimama mbele ya watu wengi hivi bila mutu kucheka, na nikaona kumbe haiue.

Papa Kabwe akamuangalia Sakina. Kisha akavua kofia.

"Kasuku hasahihishe mutu," akasema, kama anajiambia yeye mwenyewe. Akakaa tena ku ile banki ndogo. "Prefe. Hawa watoto mwaka ujao watakuwa ya sita. Ya sita watakaa mu chumba gani?"

Prefe akafungua mikono. "Papa, tulizania..."

"Ninauliza chumba gani. Hii si itakuwa na wale wa tano wapya?"

Mama wa kinu alielewa wa kwanza, kwamba seksio haifungwe, akapiga kigelegele moja murefu, na wengine wakafuata. Prof Assani akageuka ku tablo, akajifanya anafuta, na tablo ilikuwa haina kitu. Papa Kabwe akainua mukono watu wanyamaze, na akamuambia Sakina, "Endelea, mwalimu. Ile ya kuanguka pole pole haukuimaliza."

Sakina akakuja mbele. Nikamupa mwiko. Hakuna fasi ilibaki ya kusimama, basi nikaenda kukaa ku banki ya nyuma, kati ya papa mumoja wa Wamaza mwenye alikuwa anasikia usingizi na dirisha. Dirisha lilikuwa wazi, na inje kulikuwa mbuzi wawili wanapigana muzuri sana. Sikuwaangalia. Sakina alikuwa anazungusha uji upande moja, na karanga inafuata, na kitu kikaanza kunikuna mu kichwa, kitu chenye hakikuwa muzaha. Nikajaribu kukimeza. Kikarudi.

Nikainua kidole.

Watu wa mbele wakaanza kutabasamu, wanangoja wanisikie. Prof Assani akanionyesha na choki: sema.

"Na kama nyota inaenda huku," nikauliza, "na shimo inazunguka kinyume yake, kule?"

Sakina akasimamisha mwiko. Akaangalia sufuria, akaangalia Prof. Na Prof, bila sauti hata kidogo, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta, akakamata kaye yake, na akaandika swali yangu.